Kuku wa Kwetu Asiyetaka Banda

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa Dada yangu Somoe binti Mfaume,

Shikamoo, Dada. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza nimeiandika kwa hasira, na hasira yenyewe haikuhusu wewe, au inakuhusu kidogo tu. U hali gani? Mgongo wako je, ule uliokushika wakati wa kupalilia? Shemeji naye hajambo? Mie mwili wangu mzima. Chakula nakula, kazi nafanya, na homa haijanirudia tangu zile mvua za vuli. Ila kinyaa kimenijaa mpaka kooni, na aliyenitia kinyaa hicho ni yule pora, yule kijogoo kichanga uliyeniletea.

Mwalimu, wewe unayemsomea Dada barua hii, nakusalimu kwa heshima. Nakuomba uyasome yote kama nilivyoyaandika, usiruke maneno machafu kwa kuona haya. Yapo mengi. Habari ya posa yangu imo humo humo ndani ya uchafu, ukiruka mistari utaikosa na Dada atakulaumu.

Dada, unakumbuka kwa nini nilikuomba kuku. Mwanahawa, yule ninayetaka kumuoa, amelelewa na bibi yake, Bibi Mwajuma, na neno la nyumba ile ni la huyo bibi. Nilipotuma watu kunipigia hodi alisema hana neno na sura yangu wala kazi yangu, lakini hajui nimetoka wapi. Mji huu umejaa wanaume, akasema, kila mmoja ana minazi na mashamba huko kwao, ukimfuata huoni hata kaburi. Basi hakutaka kuku wa sokoni. Alitaka kuku wa kwetu, aliyeanguliwa uani kwetu, aje hai, akue hapa karibu wamwone, na siku ya posa apelekwe akiwa jogoo anayewika. Kuku asipofika, posa hakuna. Nawe ukanijibu kwa kumleta Saidi, mtoto wa baba mdogo, katoka Lindi kashuka melini na tenga kichwani.

Nilipofungua lile tenga nilidhani umeniletea ugonjwa. Shingo haina nyoya hata moja, miguu mirefu, na kidevuni kitu chekundu kinaning'inia hata sijui ni nini. Siku tatu za bahari alikuwa amejitapakaza mwenyewe kuanzia mkia hadi macho. Saidi aliniambia umesema ndiye bora kuliko wote. Sikutaka kuwawazia hao wengine.

Saidi akanipa na salamu zako: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfunge siku saba pale unapotaka alale, asijue pengine, na baada ya hapo ataparudia mwenyewe kila magharibi. Dada, maneno yako yalikuwa sahihi. Niliyeyaharibu ni mie, na nitakwambia nilivyoyaharibu.

Nyumba ninayopanga ni ya Bi Zena, mjane wa hapa hapa Temeke. Ina vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma ua. Pembeni mwa ua kuna banda la kuku la mbao na madebe, limebanwa kati ya bafu na shimo la taka. Unanijua mdogo wako. Tangu utotoni siwezi kunywea kata aliyonywea mwenye kikohozi, na mama alikuwa akinipiga kwa sababu hiyo. Banda lile nililisogelea mara moja tu, harufu ikanipokea nikiwa bado mbali, nikageuka. Nikajiambia kwamba uani kuna wezi, na kuku wa posa hawezi kulala palipo na wezi. Nikamfunga kwenye tendegu la kitanda changu. Siku saba kamili, kama ulivyosema, kwa kamba ya katani, akila mtama wangu na kunya chini ya mto wangu. Wezi nilikuwa nawasingizia. Ukweli ni kwamba sikutaka kuinamia lile banda.

Siku ya nane nikamfungua. Mchana alizunguka uani vizuri tu, akachakura, akawasumbua matetea watatu wa Bi Zena. Jua lilipozama nikamwonyesha banda. Akalitazama, akanitazama, halafu akashika njia ya ukumbini kama mpangaji anayelipa kodi, akaingia chumbani kwangu, akaruka kwenye karai, kutoka karai kwenye meza ya pasi, kutoka meza kwenye kichwa cha kitanda, na kutoka hapo juu ya ukuta. Nyumba zetu hizi, Dada, kuta hazifiki paani. Juu panakuwa wazi toka chumba hadi chumba. Akatembea juu ya ukuta, akachagua kombamoyo moja la paa lililo sawasawa juu ya kamba yangu ya nguo, akatulia.

Sasa fikiri kazi yangu. Mie ni dobi. Nguo nafua uani, lakini napigia pasi chumbani na kuzitundika humo humo mpaka mwenyewe aje. Kazi ya uchafu, watu husema, nami hukubali, maana ukitaka kumjua mtu usimtazame usoni, mtazame ukosi wa shati lake. Nimeona kosi za watu wakubwa wa mji huu na sikuweza kula mchana wake. Lakini ni uchafu unaotoka. Naupokea asubuhi, jioni haupo, nguo ni nyeupe, na moyo wangu unatulia. Huyu pora alileta uchafu unaorudi.

Karani mmoja wa forodhani alikuwa akivaa suti nyeupe ya drili kila Jumatatu. Wateja wangu wote nilikuwa nawapima kwa yeye. Nilimtilia wanga vizuri, nikamtilia bluu kidogo tu, pasi ikapita mara mbili, nikatundika Jumapili jioni. Asubuhi kaja mwenyewe kuichukua. Akaigeuza, na begani, Mwalimu utanisamehe, mavi ya kuku, mabichi, yameteremka mpaka mfukoni. Akalitazama bega, akanitazama mie, akaniuliza kwa upole kama huo ndio mtindo mpya wa pasi. Upole wake uliniuma kuliko matusi. Nguo zake sasa anafua dobi mwingine, wa Keko.

Na si mie peke yangu. Kwa kuwa kuta hazifiki paani, pora wako alikuwa anawatembelea wapangaji wote. Chumba cha pili yupo dereva wa lori, mtu mkorofi lakini mkweli. Jioni moja amekaa anakula wali, kinyesi kikamdondokea kwenye bakuli la mchuzi. Alilibeba lile bakuli mpaka mlangoni kwangu, akaliweka chini, akaondoka. Nililiosha mara tatu kwa jivu na bado nikamnunulia jipya.

Bi Zena akaniita. Alisema maneno machache na sikumlaumu. "Hamisi, mwanangu, mie sina ugomvi na posa yako. Lakini Ijumaa ya wiki ijayo kuku huyo awe analala bandani, au wewe na yeye mtafute pa kulala."

Hapo nikabanwa. Kumchinja siwezi, ndiye posa yangu. Kumwacha alale mtini uani siwezi, maana kicheche wanapita hapa kila wiki, na nyumba ya jirani wamemaliza vifaranga wote. Kumnunua mwingine wa sokoni nikamdanganya Bibi Mwajuma, nilifikiria, nakuungamia hilo. Lakini Bibi ameshamwona, na shingo ile haina pacha sokoni.

Kwa hiyo nikaanza vita. Kila magharibi, watu wenye akili zao wanatawadha, mie namkimbiza kuku. Jioni ya kwanza nilimkamata nikamsukuma bandani na kuziba mlango kwa ubao. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anachinjwa. Kesho yake nilipomfungulia alitoka mbio, na jioni akarudi juu ya kamba ya nguo. Nikafunga mlango wa chumba. Akaingilia chumba cha dereva na kupita juu ya ukuta. Nikamwaga mtama toka ukumbini hadi bandani, mstari mzuri kabisa. Matetea wa Bi Zena wakaula wote mpaka hatua moja kutoka mlango wa banda, hapo wakasimama. Mtama uliokuwa ndani hakuna aliyeugusa. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu na sikulitafakari, nilikuwa nawatukana tu.

Mzee Mkumba, jirani yetu, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, akasema kuku amesahau njia kwa sababu ya bahari. Dawa yake ni kumng'oa nyoya moja la mkia, ulizike mlangoni mwa banda, kisha umbebe kuku ulizunguke banda mara saba bila kusema neno. Mie, mtu mzima, nikamkumbatia kuku kifuani nikazunguka, huku wapangaji wote wamejipanga kwenye baraza ya nyuma wananihesabia. Raundi ya tano akanikojolea, kama kuku anakojoa. Wewe unajua ninachosema. Kanzu ilikuwa safi ya siku hiyo hiyo. Jioni akalala juu ya kamba ya nguo.

Basi nikasema nitafuata neno la Dada, safari hii mahali panapotakiwa. Nikamfunga kamba mguuni, nikapitisha mkono tu mlangoni mwa banda huku nimegeuza uso na kubana pua, nikafunga kamba kwenye ubao wa ndani, nikaondoka mbio kwenda kunawa. Asubuhi nilimkuta ananing'inia nje. Alijaribu kutoka usiku, kamba ikamshika, akabaki kichwa chini, mabawa yamefunguka, macho yamefumba.

Dada, sikuwaza kuku wala wewe, nilimwaza Mwanahawa tu. Nilimwona anaolewa na mtu mwingine, mwenye kuku mtiifu. Nikamkata kamba, nikampakata, nikamtia maji mdomoni kwa kidole. Akafumbua jicho moja. Kilemba chake cha kichwani, ambacho kilikuwa kimeanza kuwa chekundu, kilikuwa cheupe kama karatasi. Kisha nikahisi mkono wangu unawasha. Nikatazama. Ngozi yangu ilikuwa inatembea.

Utitiri. Vidudu vidogo kuliko chembe ya unga, vyekundu vilivyoshiba, vingine vya kijivu vina njaa, vinapanda mkononi kwangu kutoka kwenye manyoya yake, mamia kwa mamia, vinatafuta kwapa. Nilitupa kuku upande mmoja na kanzu upande mwingine. Nilijimwagia ndoo tatu. Nikakaa kwenye kinu, nimevaa kikoi tu, najikuna, na hapo ndipo nikawatazama matetea wa Bi Zena. Walikuwa wanashuka kutoka juu ya kuni jikoni. Kila siku wanashuka kutoka juu ya kuni jikoni! Mwaka mzima nimepanga pale, sijawahi kuona kuku hata mmoja akitoka katika lile banda, na sikujiuliza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilijifunga kitambaa puani, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chote ndani ya banda. Sitakueleza yote. Kulikuwa na kiota cha zamani, mayai viza mawili, mifupa ya kitu, na mavi yaliyogandana unene wa matofali. Na zile mbao, nilidhani zina rangi ya kahawia. Nilipoweka kidole ile rangi ikaondoka kwa miguu yake. Ndani ya nyufa zote walikuwa wamejaa, wanangoja jioni. Kiumbe yeyote aliyelala mle alikuwa ananyonywa akiwa hai. Nikamtapikia Bi Zena shimo lake la taka, kisha nikarudi kumtazama pora wako, amelala kwenye jivu la jikoni anajigaragaza, na kwa mara ya kwanza nikamheshimu. Wiki tatu nilikuwa namwita mpumbavu, kumbe mwenye akili katika ua ule alikuwa yeye.

Nilimwambia Bi Zena. Akasimama mkono kiunoni, akasema banda lake lina miaka kumi na halijamuua mtu. Nikamwambia kwa adabu kwamba hata kuku wake mwenyewe wanalijua. Akanuna siku mbili. Nilijua basi hatalisafisha yeye, na Ijumaa ilikuwa imebaki siku nne.

Dada, mie sijui kufuga. Najua kufua tu. Kwa hiyo nililifua lile banda. Nilichota mavi kwa pauro, karai kumi na nne, huku natapika na kuendelea. Kiota nikakichoma. Nikawasha moto chini ya pipa langu la kuchemshia nguo, nikatia magadi na sabuni kama ninavyofanya shuka za wagonjwa, na yale maji yakichemka nikayamwaga bandani, juu, chini, pembeni, kwenye kila ufa. Nikasugua kwa brashi ya kosi. Nikasuuza. Nikachemsha tena. Siku ya pili nikapaka mafuta ya taa nyufani kwa unyoya, siku ya tatu nikapaka chokaa ndani na nje, na nisikufiche, kwenye ile chokaa nilitia bluu kidogo ili iwe nyeupe sawasawa. Dereva alitoka kunitazama, akaniita Dobi wa Kuku. Jina hilo sasa mtaa mzima wanalo, na hata wateja wanaulizia kwa jina hilo.

Pora naye nilimwogesha, nikampaka jivu na majani ya tumbaku chini ya mabawa, nikamtazama nyoya kwa nyoya. Mikono hii hii inayoogopa kata ya mwenye kikohozi. Ndani ya banda nikamwekea mti wa kukalia, mnene, ulio juu kuliko watu walivyozoea kuweka, maana nilishajua anapenda kulala juu. Kule chumbani nikaziba uwazi wa juu ya ukuta kwa majamvi makuukuu. Kisha nikamfungia bandani siku nne, mchana na usiku, chakula na maji humo humo, bila kamba. Bi Zena aliponisikia naapa nitalala nje kulilinda, akaniongezea siku mbili bila kuombwa.

Jioni ya kumfungulia nilijificha nyuma ya shuka zilizoanikwa. Alizunguka, akachakura. Jua likashuka. Akaenda mlangoni mwa ukumbi, akasimama pale, mguu mmoja juu. Akageuka taratibu, akaja mpaka bandani, akachungulia, akaingiza kichwa, akakitoa, akaingiza tena. Halafu akapanda. Nikamsikia anahema na kujipanga kwenye mti wake. Baadaye kidogo matetea watatu wa Bi Zena wakashuka kutoka kwenye kuni na kumfuata mmoja mmoja. Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Nilifurahi, Dada, na nikaona haya kufurahi kiasi kile kwa sababu ya kuku. Bi Zena tangu siku hiyo anawaonyesha wageni banda lake.

Miezi miwili akalala mle bila kukosa. Akanenepa, kilemba kikawa chekundu, akaanza kuwika, mwanzo kama mlango usiotiwa mafuta, kisha sauti kamili. Shingo ilibaki vile vile, hilo silisemi tena. Alhamisi hii iliyopita ndiyo ilikuwa siku. Mzee Mkumba na Saidi wakavaa kanzu nilizozipiga pasi mwenyewe, wakampeleka. Nyumba ya Bibi Mwajuma haiko mbali, ua wao na ua wetu umetenganishwa na shamba la muhogo tu. Walipokewa vizuri. Jogoo aliwika mbele ya wazee, Bibi akamshika, akampima kifua, akasema huyu kweli ni wa watu. Jibu la posa litaletwa, akasema. Saidi alimkumbusha juu ya kamba mguuni. Bibi akamwambia kuku wa heshima hafungwi kama mateka, akamwachia uani.

Unajua kilichotokea. Kabla ya magharibi niko bandani nakusanya mayai ya Bi Zena, nikasikia muhogo unatikisika, akatokea. Kavuka shamba lote kwa miguu yake. Akanipita bila salamu, akapanda kwenye mti wake, akalala.

Huku mjini, kama ilivyo huko kwetu, kitu cha posa kikirudi maana yake wamekataa. Mzee Mkumba alipomwona alishika kichwa, akasema afadhali angeliwa na kicheche. Tukashauriana kumrudisha gizani, tukaogopa kuonekana wezi. Sikulala. Nilikuwa namchukia yule jogoo, naichukia chokaa yangu, naichukia kazi yote niliyoifanya kwa bidii mpaka ikanigeukia.

Asubuhi ya Ijumaa Bibi Mwajuma akaja mwenyewe, na fimbo yake. Mie mikono imo katika povu mpaka viwikoni. Nikamwamkia. Aliitika, kisha akasema, "Anayerudisha posa ni sie, si kuku. Yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Hakumtazama jogoo hata kidogo, alilitazama banda. Aliinama, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa nyufa, akautoa, akautazama, akanusa kiganja. Mama wa kizamani yule, anajua banda linavyokuwa. "Nani kaosha humu?"

"Mie, Bibi."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu. Na nilitapika, Bibi, sikufichi."

Akacheka mpaka akaushika ukuta. Kisha akaomba kigoda, akakaa, akaacha kucheka. Akaniuliza mama yangu ni nani. Nikamwambia. Akaniuliza baba, nikamwambia. Akasema majina yote anaweza kuyataja mtu yeyote, na jogoo yule angeweza kuwa wa mtu yeyote wa Lindi. Lakini amenipenda, akasema, na Mwanahawa alishanipenda zamani, kwa hiyo ameongeza sharti moja tu na ndilo la mwisho. "Kuku hawezi kukaa mkekani akasema wewe ni mtoto wa nani. Saidi ni mtoto wa baba mdogo, mzuri, lakini nataka mtu aliyelala tumbo moja na wewe. Mwezi wa Shaabani ukiandama hajaja, nitakunja mkeka, nami sitakuchukia."

Nilimwambia tumbo lile tumebaki wawili, na kwamba Dada yangu hajawahi kupanda meli, anaiogopa bahari tangu siku ile Mjomba alipozama. Akasema yeye hajui habari za bahari, anajua habari za mjukuu wake.

Ndiyo barua yenyewe, Dada. Nimezunguka na mavi ya kuku kurasa zote hizi kwa sababu neno hili lilinishinda kuliandika mwanzoni. Miaka minane sikukuita, na wala sikuja. Kila mwaka nilisema nitakuja nikiwa na kitu cha kuonyesha, na kila mwaka nilichokuwa nacho ni povu. Nilikuomba kuku kwa sababu nilikuwa naona haya kukuomba wewe.

Barua hii anayo Saidi mkononi. Atakaa Lindi siku kumi na meli ikirudi atapanda nayo. Mshike mkono mpande pamoja. Atakutafutia mahali pa katikati ambapo chombo hakiyumbi sana, kaa na ndimu na usiangalie maji. Ni siku tatu tu, kuku amezivumilia. Chumba changu nitakuachia, mie nitalala ukumbini, shuka zako nitazifua mwenyewe na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzilalia. Usibebe kitu chochote. Ukija na tenga nitalirudisha melini.

Nisalimie Shemeji na umwombe ruhusa kwa niaba yangu. Mwambie najua ni msimu wa kuvuna na najua ninachokiomba. Nisalimie Shangazi anayeumwa macho, mwambie dawa nimeinunua, utarudi nayo. Nisalimie Mama mkwe wako, na fundi cherehani aliyenishonea kanzu ya kwanza. Nawe Mwalimu, ahsante kwa kusoma bila kuruka, na kama Dada ananyamaza sasa hivi, tafadhali usiondoke haraka.

Dada, katika mji huu wote hakuna mtu hata mmoja aliyemjua mama yetu. Nikilitaja jina lake watu wanalisikia tu kama jina. Njoo ukae mkekani ulitaje wewe.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Hamisi bin Mfaume, dobi